Mume Anayegeuka Mapema

Zachariah alikuwa na miguu ya kusifiwa na mikono ya kuombewa. Kila Ijumaa asubuhi, kabla jua la Muscat halijaanza ukorofi wake, alitimka kwenye uwanja wa nyasi bandia wa Khuwair ya Kusini kwa mbio ambazo zingemliza mwalimu wake wa michezo kule Nakuru, na kila Ijumaa mpira ulimgonga popote isipokuwa viganjani. Ulikuwa umeshamgonga bega, kisogo na nyonga, na mara moja, mbele ya Wahindi waliokuwa wakisubiri zamu yao ya kriketi, ulimgonga pale ambapo mwanamume akigongwa hukaa chini kwanza na kuyawaza maisha yake.

Aliyeurusha mpira huo kila mara alikuwa mke wake, Jerusha.

"Pole, Zacha," alimwambia safari hii, akija kumwinua. "Lakini huo mpira ulikuwa unakuja na roho safi. Ni wewe ulikuwa unauangalia ni kama umeona askari wa kanjo."

"Umeurusha kwa nguvu."

"Mimi? Nakabugo, nimeurusha kwa nguvu?"

Nakabugo, Mganda wa saluni ambaye hajawahi kuulizwa jambo akakosa jibu, alisema mpira ulikuwa mlaini kama matoke. Timu nzima ikacheka. Zachariah alicheka nao, ila kicheko chake kiliisha kabla ya vicheko vya wenzake.

Mchezo wenyewe ni ule mpira wa Wamarekani, mpira mrefu wenye ncha mbili, ila huu wa kwao haukuwa na kofia ngumu wala kuangushana. Kila mchezaji hufunga mkanda wenye tepe mbili zinazoning'inia kiunoni. Mpinzani akikunyakua tepe moja, umekamatwa, hapo hapo mpira unasimama. Wanacheza watano kwa watano, wanawake kwa wanaume. Mmoja hurusha, na wengine hukimbia mbele kupokea.

Timu ilikuwa ya Balqees, Mwomani ambaye bibi zake wote wawili walizaliwa Unguja na ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko. Alikwenda kusoma Marekani akarudi na shahada, goti lililoharibika na mpira ambao hapa hakuna aliyeutaka. Goti lilimkataza kucheza. Halikumkataza kupiga kelele, na basi akaamua kuwa kocha.

Jerusha alimpata mtaani Darsait. Balqees alikuwa amekwenda kuchukua abaya yake kwa fundi cherehani aliye chini ya lile jengo wanamokaa Zachariah na mkewe. Asubuhi hiyo Zachariah alikuwa amerudi kutoka kazini bila ufunguo wa geti, kama kawaida yake, na Jerusha akamrushia wa kwake kutoka dirisha la ghorofa ya tatu. Balqees aliuona ule ufunguo ukishuka kwa mstari mmoja, ukipita katikati ya nyaya za umeme na nguo zilizoanikwa, ukafika kifuani mwa Zachariah bila kupotea hata inchi. Kisha ukamponyoka Zachariah mkononi, ukaingia mtaroni.

"Yule alorusha n'nani?" ndilo swali alilouliza. Aliyeangusha hakuulizwa habari zake. Jerusha aliandikishwa papo hapo, dirishani, akiwa na mswaki mdomoni. Alikuwa amecheza mpira wa mikono tangu sekondari, na bega lake lilikuwa halijasahau. Zachariah aliongezwa juu yake kama zile biskuti wanazokupa bure ukinunua majani ya chai.

Alikuja kwa sababu moja, nayo ndiyo iliyomnyima usingizi. Yeye alikuwa mtu wa mkate: kazi yake ilikuwa kwenye kiduka cha khubz hapo hapo Darsait, anaingia usiku na kutoka asubuhi. Jerusha alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, anaondoka asubuhi na kurudi usiku, maana kliniki za huku hufungwa mchana na kufunguliwa tena jioni. Kwa hiyo wiki nzima walikutana kwenye ngazi, mmoja akipanda na mwingine akishuka, wakabusiana harakaharaka kama watu wanaopokezana zamu. Ijumaa tu ndiyo iliyokuwa yao. Uwanja, kisha chai ya karak na paratha kwenye kibanda cha barabarani, kisha Zachariah analala kama gogo na Jerusha anakwenda kanisani, maana ibada za huku ni Ijumaa. Ukiondoa uwanja, ndoa yao ilibaki na paratha peke yake.

Sasa Balqees alimwita pembeni.

"Zakaria, njoo hapa bwana. Keti. Mie nnakupenda, we mtu mwema, tena mbio unazo, mashallah, nani kakataa? Lakini mbio hata paka anazo. Mpokezi si mbio. Mpokezi ni miadi. Nkikwambia tukutane mlangoni kwa bibi baada ya Alasiri, mie nnakuja. Sikupigii simu njiani kukuuliza upo au hupo. Nnakuja, na we upo. Umenifahamu?"

"Nimefahamu, kocha."

"Hujafahamu. Ungefahamu ungedaka."

Na kusema kweli alikuwa amefahamu, ila shingo yake ndiyo iliyokataa. Kazi aliyopewa ilikuwa nyepesi kusimuliwa: kimbia mbele moja kwa moja, mfanye anayekukaba aamini kwamba unakwenda mpaka Qurayyat, kisha kanyaga kwa nguvu, kata kuelekea pembeni, geuka, nyoosha mikono mbele, vidole vimefunguka, na macho yausindikize mpira mpaka uingie. Kidole ndicho kinachopokea. Kifua hurudisha mpira kama ukuta. Ila la muhimu ni hili: mrushaji huachia mpira kabla mpokezi hajageuka. Anaurusha mahali ambapo bado hakuna mtu. Mpokezi akichungulia nyuma kabla ya wakati, miguu inapungua kasi, anayemkaba anasoma macho yake kama bango la barabarani, na mpira unafika mahali palipopaswa kuwa pake na yeye hajafika.

Zachariah alichungulia. Kila baada ya hatua chache alichungulia. Alikuwa amecheza raga, upande wa winga, ujana wake wote, na katika raga mtu anayeutangulia mpira ni mkosaji. Refa anapuliza, wenzako wanakulaani, kocha anakutaja kwa jina la baba yako. Mwili wake ulifundishwa kukaa nyuma ya mpira na kuona haya ukiwa mbele yake. Balqees alimwambia akimbie mbele ya mpira asiangalie nyuma, na kwake hilo lilikuwa kama kuambiwa aingie kanisani na suruali mkononi.

Hakuwa peke yake mwenye mkosi wa aina hiyo. Nakabugo alikulia kwenye netiboli, akadaka kila kitu, hata mipira iliyokuwa si yake. Lakini katika netiboli ukidaka unasimama. Basi na yeye alidaka, akasimama wima kama nguzo ya taa, akitazama nani wa kumpa, huku wapinzani wakija taratibu kuchukua tepe yake kama wanaochuma maua. "Kimbia, Nakabugo!" walimpigia kelele, naye alijibu, "Banange, siwezi! Refa atapuliza!" Nakabugo alisamehewa kwa sababu angalau mpira alikuwa nao.

"Ijumaa ijayo tunacheza na Wafilipino wa mtaa wa Ghala," Balqees aliendelea. "Ssewanyana ndo ataanza mahala pako."

Zachariah alitazama kule alikosimama Ssewanyana, mpishi wa Kiganda mwenye kitambi cha heshima, anayekimbia kama mtu aliyebeba sufuria ya mchuzi na hataki umwagike.

"Ssewanyana? Kocha, huyo hata kivuli chake kinampita."

"Kinampita, ndio. Lakini nkimwambia simama pale, nnamkuta pale. We utakaa benchi. Ukiingia na ukageuka tena mapema, ntakuhamishia kikosi cha pili. Wale wa Jumanne jioni."

Jumanne jioni Jerusha huwa kliniki, ameshika kile kibomba cha kufyonza mate midomoni mwa watu. Zachariah alimeza mate yake mwenyewe.

Kwenye kibanda cha karak hakuigusa paratha. Jerusha aliila ya kwake, kisha akaanza ya mumewe bila kuomba ruhusa.

"Ati ni raga," alisema. "Kila kitu ni raga. Nikikwambia nimefunga gesi, unarudi kuangalia. Hiyo pia ni raga? Nikikwambia nimefika kazini, unapiga simu kuuliza kama nimefika. Nikisema nakupenda unauliza, kweli? Zacha, wewe shida yako huniamini."

"Nakuamini."

"Unaniamini na shingo imegeuka."

Alisema kwa mzaha, akimpangusa makombo kidevuni, lakini maneno yalimwingia Zachariah mpaka ndani. Jerusha ndiye aliyetangulia kuja Muscat. Yeye alibaki Nakuru, mume wa kwenye simu, na majirani walimwonea huruma kwa sauti kubwa. Walimwambia wanawake wanaokwenda Ghuba hubadilika. Kila jioni alipiga, na ule mlio wa simu kabla haijapokelewa ulikuwa mrefu kuliko siku nzima. Jerusha alipokea kila mara. Hakumpa sababu hata moja ya kumshuku, na alipopata njia alimwita, akaja. Woga ulikuja naye hivyo hivyo, kama mtu asiye na tiketi. Aliogopa kwamba siku moja atageuka na asikute kitu. Hilo hakumwambia, maana ni aibu kumwambia mkeo jambo kama hilo huku anakula paratha yako.

Jumatano gari la wafanyakazi wa kliniki liliharibika, na Jerusha, akitoka mapema kutafuta teksi, akapita kwa mara ya kwanza mbele ya duka la khubz saa ya watu wengi.

Duka hilo ni jembamba kama ushoroba. Ndani kabisa liko tanuri, na mbele ya tanuri yuko mzee Shahdad, Mbaluchi mwenye mikono mirefu na maneno mafupi. Nje liko dirisha, na penye dirisha ndipo aliposimama Zachariah, uso kwa wateja na mgongo kwa Shahdad, kitambaa kimefungwa viganjani. Katikati yao imepangwa mifuko ya unga mpaka kiunoni, hakuna pa kupita, kwa hiyo mkate ukiiva Shahdad huuchomoa kwa kulabu na kuurusha. Hasemi kitu. Zachariah anapokea kauli ya mteja, anageuka, mkate uko hewani, anauchukua, anaukunja ndani ya karatasi, anautoa dirishani. Alikuwa akifanya hivyo tangu siku za kwanza, na hakuwahi kufikiri kama ni jambo la kutazamwa.

Asubuhi hiyo aligeuka na mkate wa moto mkononi, akakuta mteja anayefuata ni mke wake, macho yamemtoka.

"Jerusha? Kuna nini? Nani amekufa?"

"Rudia hiyo."

"Nirudie nini?"

"Hiyo kitu umefanya!"

Nyuma yake mtu alitaka mikate mitano. Zachariah aligeuka, akapokea wa kwanza.

"Hiyo!" Jerusha alipiga ubao wa dirisha. "Kwa hivyo huyu mzee unamwamini. Mimi mke wako, niliapa mbele ya mchungaji, naona shingo tu. Huyu mzee hata jina la mama yako hajui, unampatia mgongo!"

"Jerusha, huu ni mkate."

"Ni kurushiwa! Anakurushia kitu ya moto hata humwangalii, na unadaka." Alipokuwa akisema hayo Zachariah alikuwa ameshageuka akadaka wa pili, akageuka akadaka wa tatu, na kila alivyodaka ndivyo alivyozidi kujiharibia kesi. "Ona! Ona sasa! Mimi nakurushia mpira baridi, unaukimbia."

"Nyinyi mna mzozo wa nini?" aliuliza mzee mmoja wa Kiomani aliyekuwa wa tatu kwenye foleni, kanzu nyeupe, kofia imekaa upande, Kiswahili cha Ng'ambo ya Unguja.

"Huyu ni mume wangu," Jerusha alimwambia. "Hanitazami kwa imani."

"Lahaula. Na mkate?"

"Mkate anautazama vizuri."

"Basi mwanangu, huyu mumeo ana makosa makubwa, mie niko upande wako. Lakini tuna njaa. Mhukumu nyumbani."

Foleni ikacheka. Zachariah alikuwa amelowa jasho, nusu la tanuri na nusu la fedheha, akaona lililobaki ni kusema ukweli, hata kama wateja wangesikia.

"Shahdad haningoji," alisema. "Mkate ukiiva anaurusha. Nikiwa hapa, niko. Nisipokuwa hapa unaanguka, mwenye duka anapiga kelele. Sasa nitachungulia saa ngapi? Najua uko njiani. Nageuka tu."

"Na mimi je?"

"Wewe unaningoja."

Jerusha alirudisha mkono kutoka kwenye ubao wa dirisha.

"Unashika mpira mpaka uone nimekuangalia," aliendelea Zachariah, kwa sauti ya chini sasa, huku mkate wa nne ukimfikia. "Kila wakati. Nikikimbia bila kuchungulia, mpira hauji. Nikichungulia ndio unaurusha. Kwa hivyo nachungulia."

Zachariah aliona uso wa mkewe ukibadilika, akajua kwamba anaurudia mchezo wote wa Ijumaa iliyopita kichwani, na ile ya kabla yake. Kweli Jerusha alikuwa akimngoja. Alimwonea huruma, akaona afadhali ahakikishe kwanza kwamba yupo.

"Niliona nakusaidia," alisema.

"Najua."

"Ati nakungoja wewe, na wewe unaningoja mimi."

"Na Wafilipino wanatungoja sisi wote," alisema Zachariah.

Hapo Jerusha aliangua kicheko, akashika ubao wa dirisha asianguke, na yule mzee wa kanzu akacheka pia ingawa hakujua Wafilipino wameingiaje. Alipopata pumzi alinyoosha kidole ndani ya dirisha.

"Ijumaa sikungoji. Umesikia? Nikihesabu hatua zako natupa. Uwe uko, usiwe."

"Tupa."

"Ikuvunje pua, shauri yako."

"Tupa, Jerusha."

Alichukua mkate, wa yule aliyetaka mitano, na kwenda zake kutafuta teksi. Mzee Shahdad, ambaye hakuwa ameelewa neno hata moja, aliuliza kwa Kiarabu kama bibi huyo ana malalamiko juu ya mkate.

Ijumaa Zachariah alikaa benchi kama alivyoahidiwa, akiwagawia wenzake maji. Wafilipino wa Ghala walikuwa wadogo wa umbo, wepesi, tena wenye adabu; walikunyang'anya tepe kisha wakakuomba radhi. Ssewanyana alikwenda mahali pake polepole kama mtu anayekwenda benki, alipofika aligeuka, na mpira ulikuwa hapo. Nakabugo alidaka, akasimama, akachumwa. Hajar, binamu yake Balqees, alikimbia upande wa pili mpaka kipindi cha pili kikiwa kimekwenda sana, ndipo msuli wa mguu ulipomkamata akalala chini akiita mama yake.

Balqees alitazama benchi. Zachariah aliona jinsi asivyofurahi.

"Ingia," alisema. "Na shingo yako ije nayo."

Walipokusanyika kupanga, Jerusha hakumpa maneno matamu. Alisema tu, "Mbele, kata nje," na mpira ukaanza.

Zachariah alikimbia. Mfilipino aliyepewa kumkaba alirudi nyuma mbele yake, akimtazama machoni, akingoja ile ishara ambayo bila shaka alikwisha kusimuliwa. Shingo iliwasha. Kila mshipa wa raga aliokuwa nao ulimwambia, umeutangulia mpira, angalia. Nyuma ya mishipa hiyo kulikuwa na yule mume wa Nakuru mwenye simu sikioni, na huyo alikuwa mbaya zaidi. Alifika, akakanyaga, akakata kuelekea pembeni, akageuka.

Mpira ulikuwa tayari usoni pake. Hapakuwa na nafasi ya kuuogopa. Alifungua vidole, akausindikiza kwa macho mpaka aliposoma maandishi yaliyochapwa ubavuni mwake, na ukatulia mikononi kana kwamba hapo ndipo kwao. Mfilipino alikuwa bado anatazama upande mwingine.

Alikimbia nao hatua kadhaa kabla hawajamnyakua tepe na kumwomba radhi. Uwanjani kulikuwa na kelele kana kwamba wameshinda kombe. Nakabugo alipiga vigelegele. Zachariah hakuwasikia wengi. Alimtafuta Jerusha, akamwona amesimama kule nyuma mikono kichwani, anacheka na kufuta macho kwa ukosi wa fulana. Zachariah alimpenda hapo kwa namna iliyomuuma kifua.

"Hivo!" alifoka Balqees kutoka ukingoni. "Hivo khasa! Miezi yote hii ulikuwa wapi?"

Walimrushia tena, akadaka tena. Wa tatu ulimponyoka, lakini ulimponyoka viganjani, na hata hilo lilishangiliwa. Wafilipino walianza kunong'onezana na kumwonyesha kidole, na wakamwekea wakabaji wawili.

Zilibaki sekunde za mchezo mmoja, na timu ya Balqees ilikuwa nyuma kwa alama chache ambazo kufika mstari wa mwisho mara moja kungetosha kuzifuta. Waliinamiana vichwa. Jerusha alipanga kila mtu kwa kidole, hata Ssewanyana, aliyeonyeshwa kona ya karibu tu, pasipo na haraka. Kisha akamshika Zachariah fulana, akamvuta sikio karibu na mdomo wake.

"Unakuja kwako," alimnong'oneza. "Ndefu. Mpaka mwisho. Usiangalie."

"Siangalii."

Alikimbia kama hajawahi kukimbia Nakuru wala Muscat. Hakuchungulia. Hakutaka hata kuchungulia. Shingo ilikuwa imetulia juu ya mabega kama shingo ya mtu mwingine. Alijua mpira umetoka mkononi mwa mkewe na unamfuata, alijua kama anavyojua jina lake, na wakabaji wawili, kisha wa tatu, walimwamini kama alivyoamini mwenyewe, wakaacha yote wakamkimbilia. Alifika pembe ya mwisho kabisa ya uwanja, akakanyaga, akageuka, akanyoosha mikono, vidole wazi.

Hapakuwa na kitu.

Anga ilikuwa tupu, jua tu. Alibaki amenyoosha mikono hewani, Wafilipino watatu wamemzunguka nao wakitazama juu, wote wanne wakingoja mpira ambao hauji. Kisha kelele zikasikika kutoka upande wa pili. Ssewanyana alikuwa kwenye kona yake ya karibu, peke yake, bila mtu wa kumkaba, kitambi mbele na mpira umekumbatiwa juu ya kitambi, akivuka mstari kwa mwendo wa bwana harusi.

Zachariah alishusha mikono. Alingoja kile kitu alichokiogopa miaka yote kije kimshike, lakini hakikuja. Kilichokuja ni mkewe, anakimbia uwanja mzima, ameruka watu, amempita Ssewanyana anayetupwa juu na wenzake kwa taabu kubwa, anakuja kwake yeye ambaye hakushika kitu.

"Umenidanganya," alimwambia alipofika.

"Nimekudanganya," alisema Jerusha, akihema.

"Umesema unakuja kwangu. Nilikuamini! Nimesimama hapa ni kama naombea mvua, na watu wanaangalia!"

"Ningekwambia ni ya Ssewanyana, ungekimbia hivyo?"

Zachariah alitaka kusema ndiyo. Aliwatazama wale Wafilipino watatu waliokuwa bado hapo karibu naye, wameshika viuno, wakitikisa vichwa kwa adabu.

"Hapana," alisema.

"Haya basi."

"Zakaria!" Balqees alikuwa akichechemea kuja kwao, goti bovu na furaha vikigombana. "Ijumaa ijayo usichelewe. Na leo chai we ndo utalipa, kwa ajili ya miezi yote ulotutesa."

Jerusha alimshika mkono, ule mkono wa kuombewa, wakaanza kutoka uwanjani kuwapisha watu wa kriketi.

"Na Ijumaa," Zachariah aliuliza, "ukiniambia tena unakuja kwangu?"

"Labda itakuwa kweli, labda nitakuwa nadanganya. Utafanya nini?"

Jibu alikuwa nalo, na lililomkera ni kwamba mkewe alikuwa nalo pia, anatembea ametabasamu, hata hamwangalii usoni.

"Nitakimbia," alisema.